Shangazi, nikaimalizie wapi riwaya yangu?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kigoma, naishi Mwanga, nafundisha Kiswahili. Nina mume na watoto watatu, wa mwisho ana miaka minne. Kwa muda mrefu sasa naandika riwaya. Inahusu binti wa Ujiji anayeolewa na mchuuzi wa dagaa wa Kibirizi, kisha siku moja mume anapanda boti ya mizigo kwenda Kalemie, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kule Kongo, na harudi tena. Nimefika sura ya kumi na moja. Hiyo sura nimeiandika nikaifuta, nikaiandika tena nikaifuta, mpaka nimeanza kuichukia.

Naandika usiku watoto wakishalala. Jirani yetu ana kibanda cha kuonyesha mpira, na siku isiyo na mpira kuna muziki. Alfajiri niko jikoni, mchana nina vipindi na rundo la madaftari ya kusahihisha, na wikiendi ni misiba, harusi na kufua.

Juni shule zinafunga na mwaka huu ni zamu yangu ya likizo ya siku 28. Kikoba chetu kimevunjwa, nimetenga 350,000 kwa ajili ya kwenda mahali nikaandike. Nimepewa ushauri wa kila aina mpaka nimechanganyikiwa. Kuna tangazo la kambi ya waandishi Bagamoyo, siku tano kwa 600,000 bila nauli, ratiba yake nimekuambatanishia. Kuna mwanafunzi wangu wa zamani yuko Dar, kila siku ananitumia matangazo ya makazi ya waandishi ya Marekani na Uingereza, yaani mahali mwandishi anapewa pa kukaa kwa muda aandike, anasema, "Madamu omba, ni bure." Kuna binamu yangu anayefanya kazi hoteli ya ufukweni hapahapa Kigoma, ameahidi kuniombea punguzo. Na mwalimu mwenzangu, Mkristo, ananishauri niende Tabora kwenye nyumba ya masista wanaopokea wageni, anasema pametulia sana. Mimi ni Mwislamu, sijui kama inafaa.

Baba watoto hajakataa, ila alicheka. Aliniuliza, "Kuandika tu, mpaka uhame nyumba?" Nikakosa la kumjibu. Sina hata wa kunitetea, maana hakuna mtu aliyewahi kuisoma hiyo riwaya, naona aibu kuitoa.

La mwisho: nibebe kompyuta ya shule, au niendelee na kaunta buku kama nilivyozoea?

Mwalimu, Mwanga, Kigoma

*

Marahaba mwalimu.

Umeniuliza kuhusu mahali na nitakujibu kuhusu mahali. Lakini kuna sentensi umeichomeka mwishoni kama vile haina uzito: hakuna aliyewahi kuisoma. Naomba nianzie hapo, maana nahofia utalipia chumba kwa shida ambayo si ya chumba.

Mtu anayekosa muda hukwama popote. Leo anasinzia katikati ya sura ya tatu, mwezi ujao katikati ya sura ya saba. Wewe hukukwama hivyo. Sura kumi umeziandika ndani ya nyumba hiyohiyo, ukuta kwa ukuta na kibanda hichohicho cha mpira, na mtoto wako wa mwisho akiwa mdogo kuliko alivyo sasa. Ni moja tu iliyogoma, na ndiyo inayokuja baada ya mwanaume kuondoka. Mimi sijaisoma, nabahatisha, ila naona hujaamua yule bwana amekufa majini, ametoroka madeni, au ameoa Kalemie. Hilo ukienda nalo Tabora bila kuliamua, utaiandika sura ya kumi na moja tena na kuifuta tena, tofauti ni kwamba hakutakuwa na kelele.

Kwa hiyo kabla hujamlipa mtu yeyote, peleka hizo sura kumi steshenari ukatoe nakala mbili. Moja mpe mtu anayependa kusoma hadithi, na tafadhali asiwe mwalimu mwenzako wa Kiswahili, maana atakurudishia kurasa zimejaa wino mwekundu wa ngeli na hadithi yenyewe hataigusa. Ya pili mpe mtu anayeyajua maisha unayoyaandika. Pale Kibirizi wapo akina mama wanaoanika dagaa ambao waume zao huvuka kwenda Kongo. Kama mmoja wao si msomaji, kaa naye jioni umsomee kwa sauti. Usiwaulize kama ni nzuri, watakwambia ni nzuri, mtu mzima hakuaibishi usoni. Waulize walichoka wapi. Waulize wao wanadhani mwanaume amepatwa na nini. Wape wiki mbili, kisha andika majibu yao yote hata yanayokuudhi. Ukishajua mwanaume yuko wapi, hapo sasa unahitaji siku za mfululizo, na mahali panakuwa na maana.

Nimeisoma ratiba ya Bagamoyo mstari kwa mstari. Saa mbili na nusu kujiandikisha na chai. Saa tatu hadi saa saba mada. Mchana mada tena, na maswali. Siku ya nne ziara ya magofu ya Kaole. Siku ya tano ni vyeti na picha ya pamoja. Kipengele kinachoitwa "muda wa kuandika" kipo Jumatano, saa tisa hadi saa kumi na nusu. Siwasemi vibaya. Hayo ni mafunzo, na kijana anayeanza akienda atajifunza, atapata na wenzake wa kusomana nao miaka inayofuata, jambo ambalo wewe umelikosa. Ila kwa 600,000 ambazo huna, ukapate saa moja na nusu ya kuandika? Hapana.

Mwanafunzi wako hakudanganyi, makazi ya bure yapo na yana heshima zake. MacDowell, kule New Hampshire, Marekani, ilianzishwa mwaka 1907. Anayechaguliwa hupewa studio yake peke yake msituni kwa muda usiozidi wiki sita, na chakula cha mchana kinaletwa ndani ya kikapu na kuachwa mlangoni asije akakatishwa. Hapa Afrika kuna Ebedi, katika mji wa Iseyin, Nigeria, iliyoanzishwa mwaka 2010 na Wale Okediran, ambaye ni daktari na mwandishi. Wanaokaa pale hutenga sehemu ya muda wao kuwanoa wanafunzi wa sekondari wa mji ule, kazi ambayo wewe ungeifanya umefumba macho. Hapo jirani Kampala, FEMRITE, chama cha waandishi wanawake, kimewahi kuwakusanya waandishi wanawake wa Afrika kwa mtindo huo. Yafuatilie.

Lakini si kwa Juni hii. Maombi ya namna hiyo hupelekwa miezi mingi kabla. Mengi hutaka sampuli ya kazi kwa Kiingereza, nawe unaandika Kiswahili, kwa hiyo kuna tafsiri ya kutafuta kwanza. Wiki sita ni siku 42 na likizo yako ni siku 28. Wewe ni mtumishi wa umma, kutoka nje ya nchi kunataka kibali cha mwajiri, bado pasipoti na viza. Na neno "bure" lisome vizuri: mara nyingi ni kitanda na chakula, nauli unajitegemea au unaiombea msaada kivyake. Halafu mwambie kijana wako awe macho. Ada ndogo ya kuomba ni jambo la kawaida hata kwa wakubwa, lakini anayekuandikia kwamba umechaguliwa kabla hajasoma hata ukurasa wako mmoja, kisha anataka umtumie pesa kwa simu "kushikilia nafasi", huyo ni mwizi tu, hata tangazo lake liwe na picha nzuri kiasi gani.

Sasa hoteli ya binamu. Najua inakuvuta. Ziwa lile ukilitazama asubuhi unaweza kuamini kwamba riwaya itajiandika. Tena Juni kunaweza kuwa kimya zaidi kama ziwa litakuwa limefungwa kwa uvuvi, kama lilivyofungwa mwaka 2024 kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti; hata zile taa za wavuvi usiku hutaziona. Ila ukitaka kuijua hoteli ya ufukweni, usiende kuikagua Jumanne asubuhi. Nenda Jumamosi saa tatu usiku. Hapo ndipo utamkuta MC wa send-off na spika zake, na maharusi wanaingia ukumbini kwa mara ya tatu kwa sababu mpiga picha hakupata vizuri.

Hata pangekuwa kimya, bado ni Kigoma. Binamu atapita kila jioni kukujulia hali, na punguzo lake utalilipa kwa maongezi. Gesi ikiisha nyumbani utapigiwa simu. Msiba ukitokea Gungu utaonekana una kiburi usipokwenda, kwa kuwa kila mtu anajua uko karibu. Maya Angelou, yule mwandishi wa Marekani, alikuwa na mtindo wa kukodi chumba cha hoteli ndani ya mji wake mwenyewe, anaingia asubuhi na mapema, anaandika hadi mchana, kisha anarudi kulala kwake. Hata picha za ukutani aliomba zitolewe. Mtindo mzuri, na kwake ulifanya kazi. Mwalimu wa Mwanga, mke wa mtu, akionekana anaingia gesti saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya saa nne habari imeshafika Ujiji, na riwaya itakayosimuliwa siyo yako.

Kuna wasomaji wataniuliza, kwa nini asitumie darasa tupu, si shule imefungwa? Mwalimu anajua jibu. Mkuu wa shule akiona mlango uko wazi atakumbuka kamati tatu. Na wenye ndoto za Gombe niwajibu papo hapo: ile ni hifadhi, unalipia kuwamo, na nyani wa pale wakikuta mlango uko wazi wanaingia. Jane Goodall alikwenda pale mwaka 1960 kutazama sokwe. Ukienda utataka kuwatazama na wewe, na ni haki yako.

Mimi nachagua Tabora. Sababu yangu kubwa ni umbali, kuliko hata huo utulivu. Ukiwa Tabora hakuna anayeweza kukuita kuja kubadilisha mtungi wa gesi. Na bado si mbali kiasi cha kukuvunja moyo: ni reli ileile ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914, au basi. Juni ni kiangazi, hutapigiwa mvua kwenye bati. Usiku kuna baridi, beba sweta. Maembe utayakosa, msimu wake ni mwisho wa mwaka, asali utaipata.

Kuhusu dini, nyumba nyingi za masista zenye vyumba vya wageni hupokea mtu wa imani yoyote, na hakuna atakayekulazimisha kuingia kanisani. Lakini usiende kwa kubahatisha. Piga simu wewe mwenyewe, useme wazi kwamba wewe ni Mwislamu, ni mwalimu, unakuja kuandika, na utakaa ndani muda mrefu kuliko wageni wengine. Uliza jikoni kunapikwa nini, na kama hula kitu fulani kitaje mapema, siyo mezani. Uliza geti linafungwa saa ngapi, maana kwao hufungwa mapema na haligongwi ovyo. Uliza kama tarehe zako zina semina au kundi la mafungo, kwa sababu nyumba iliyotulia wiki hii inaweza kuwa na vijana sitini wanaoimba wiki ijayo. Swali hilo moja watu husahau kuliuliza.

Wakikosa nafasi na ukalazimika kutafuta nyumba ya wageni ya kawaida, usiridhike kuonyeshwa kitanda. Vyumba vyetu vya gesti vimepangwa kwa mtu anayekuja kulala: kitanda cha futi sita, televisheni, kigoda cha kuwekea soda, basi. Omba meza na kiti halisi, ukikalie kile kiti palepale mbele ya mhudumu, uone kama mikono inafika mezani bila kupandisha mabega. Washa taa. Ikiwaka ya bluu au nyekundu, na nyingi ndivyo zilivyo, mwalimu utaandika vipi? Beba balbu yako nyeupe kwenye mkoba, ubadilishe, na siku ya kuondoka uwarudishie ya kwao. Tazama soketi iko wapi. Angalia kama dirisha linatazamana na mapokezi, kwa sababu mapokezi kuna televisheni na haizimwi. Kama vyumba vinakodishwa kwa saa, rudi stendi ukatafute pengine.

Siku 28 zote usizitumie. Nenda usiku nane. Hesabu ni hii: tuseme chumba na milo ni 25,000 kwa siku, hiyo ni 200,000. Nauli na dharura tenga 90,000. Zinabaki 60,000, na hizo unaziacha nyumbani, mkononi mwa atakayebaki na watoto. Bei halisi utaambiwa kwenye simu. Zikizidi punguza siku, usikope. Na usiguse yale makato ya kikoba cha mwezi ujao.

Ya kwanza katika siku hizo nane utalala. Umechoka kuliko unavyojua, basi lala, usijilaumu. Kuanzia ya pili, shika saa zako za asubuhi, zile ambazo nyumbani unazitumia jikoni. Usijiwekee kurasa za kufikisha. Jiwekee kwamba hadithi ifike mwisho, hata kama mwisho wenyewe ni wa ovyo na umejaa mishale. Siku ya tatu au ya nne itakujia hamu kubwa ya kwenda kuona mji. Kuna tembe la Kwihara alikokaa Livingstone mwaka 1872, kuna boma la Wajerumani, na vyote vitakuwepo siku ya mwisho. Ukikwama, toka utembee nusu saa kwenye vumbi, urudi.

Baba watoto sasa. Mimi sioni kama alikudharau. Aliuliza swali na hakupata jibu, basi akacheka. Ni kweli kwamba yeye akiitwa semina Dodoma wiki mbili hakuna anayemuuliza mpaka ahame nyumba, lakini usimjibu hivyo, utashinda maneno na kukosa safari. Mpelekee karatasi: tarehe ya kuondoka, tarehe ya kurudi, nani atakuwa na watoto (mdogo wako, shangazi yao, au yeye mwenyewe, ni watoto wake pia), hela ya matumizi imebaki kiasi gani, na namba ya simu ya nyumba unayofikia. Mwambie utapiga kila siku saa mbili usiku na kwamba mchana simu itakuwa imezimwa. Kisha msomee sura moja. Ile ya harusi ya Ujiji ingefaa, kama ipo. Amekaa na hicho kitabu miaka yote hiyo, anachokijua ni taa tu inayowaka usiku.

Ukirudi na mswada kamili, fuatilia tangazo la Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na kutolewa tangu mwaka 2023. Inapokea riwaya kwa Kiswahili, hakuna wa kumtafutia tafsiri. Masharti na tarehe zisome kwenye tangazo la mwaka husika.

Na kompyuta ya shule iache shule. Ni mali ya ofisi. Ikianguka kwenye basi utailipa, na ukiwa nayo Tabora mtu atakutumia matokeo ya kujaza. Endelea na kaunta buku, nunua mpya mbili na kalamu za kutosha. Kila jioni piga picha kurasa za siku hiyo, umtumie mtu mmoja unayemwamini azihifadhi. Na hizo kaunta buku wakati wa kurudi usiziweke kwenye buti la basi wala juu kwenye keria. Zipakate.

Shangazi